Kumchagulia Mwanafunzi mwenye Uoni Hafifu Fimbo Nyeupe ya Kukunja

Katika madarasa yetu wamo wanafunzi ambao si vipofu, wala hawaoni sawasawa. Hao twawaita wenye uoni hafifu. Mwanafunzi wa namna hii husoma ubao akikaa mbele, lakini avukapo barabara haioni pikipiki mpaka imemkaribia. Kwa kuwa hutembea bila kushikwa mkono, dereva humdhania kuwa anaona. Hapo ndipo ilipo hatari yake. Makala hii inakusudia kumsaidia mwalimu kuchagua fimbo ya kukunja, akishirikiana na mwanafunzi mwenyewe na wazazi wake. Mifano tumeichukua Lumemo, mjini Ifakara.

Asili na kazi ya fimbo

Mwaka 1921 James Biggs, mpiga picha wa Bristol, Uingereza, aliyepoteza uwezo wa kuona kwa ajali, aliipaka fimbo yake rangi nyeupe ili wenye magari wamwone. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Richard Hoover alibuni nchini Marekani namna ya kutumia fimbo ndefu kupapasia njia. Basi fimbo nyeupe ina kazi mbili: kuonwa na wengine, na kupapasa njia. Mwalimu asipozitenganisha kazi hizi atachagua vibaya.

Fimbo ya utambulisho ni fupi na nyepesi. Hushikwa kwa mshazari mbele ya mwili, wala haigusi ardhi. Fimbo ndefu hutoka ardhini hadi kifuani, na ncha yake hupelekwa kulia na kushoto mbele ya hatua. Zote mbili si za kuegemea. Ahitajiye kuegemea apewe mkongojo.

Mambo ya kuchunguza

Kwanza, mwanafunzi apelekwe hospitali apimwe macho, kwani wako ambao miwani pekee yatosha kuwasaidia. Baada ya hapo mwalimu achunguze mambo haya:

1. Je, huona mtaro, ngazi na shimo kabla ya kufika? Kama hujikwaa mara kwa mara, fimbo ya utambulisho haitoshi. Apewe fimbo ndefu, na afundishwe kuitumia na mtu aliyesomea kazi hiyo.

2. Huonaje jioni, na huonaje juani? Maradhi mengine ya macho hupunguza uoni wa gizani au wa pembeni. Usubi, ugonjwa uliojulikana kwa miaka mingi katika milima ya Mahenge, ng'ambo ya mto Kilombero, waweza kudhuru macho hivyo. Mwenye ualbino, kwa upande wake, hutaabishwa zaidi na mwanga mkali. Kwa hiyo fimbo isiyohitajika saa nne asubuhi yaweza kuhitajika sana saa moja jioni.

3. Fimbo yenyewe ni imara? Vipande vyake huunganishwa na uzi wa mpira upitao ndani. Mwanafunzi aikunjue na kuikunja mara kumi kwa mkono wake. Maungo yasilegee, na ikikunjwa iingie katika mkoba wa shule. Wakati wa masika, Lumemo inapofurika na njia kujaa tope, maungo yafutwe kila siku.

4. Yaonekana? Iwe nyeupe, na iwe na utepe unaong'aa ukimulikwa na taa. Mistari myekundu isiongezwe kwa urembo, kwani katika nchi nyingi humaanisha kuwa mwenye fimbo haoni vizuri wala hasikii vizuri.

Isipopatikana ya kununua, mti mwepesi uliopakwa rangi nyeupe waweza kufanya kazi ya utambulisho, ingawa haukunjiki.

Hatua za kufundisha

Siku ya kwanza mwanafunzi aizoee fimbo uwanjani. Siku ya pili aende nayo barabarani pamoja na mwalimu, asimame ukingoni, aikunjue, asikilize, ndipo avuke. Siku ya tatu warudie jioni, mzazi akiwapo. Asisitiziwe kwamba fimbo humwambia dereva habari tu, haizuii gari.

Kazi ngumu zaidi ni ya moyo. Wengi hukataa fimbo wakisema, "Mimi si kipofu." Tena wenzao wakimwona mwenye fimbo akisoma kitabu, humwita mwongo. Kwa hiyo darasa zima lifundishwe kwamba fimbo nyeupe haisemi, "Sioni kabisa", husema, "Sioni vya kutosha, nipe nafasi." Wanafunzi wajifunze kumwuliza mwenzao kabla ya kumshika mkono, na wenye baiskeli wajifunze kupunguza mwendo. Siku ya Fimbo Nyeupe, tarehe 15 Oktoba, yafaa sana kwa somo hili.

Faida kubwa ya fimbo ya kukunja ni kwamba mwenyewe huamua lini aitoe na lini aiweke. Mwalimu asimnyang'anye uamuzi huo kwa kumlazimisha, bali amwonyeshe mahali ambapo fimbo humlinda.

Maswali ya kujadili

1. Ni mahali gapi katika njia ya kuja shuleni kwenu pasipovukika salama bila fimbo?
2. Mwanafunzi akiikataa fimbo, mwalimu ataanza kuzungumza na nani, na atasema nini?