Baiskeli za Wasichana wa Bihar

Katika India, nchi ambayo wazee waliiita Bara Hindi, liko jimbo liitwalo Bihar. Mto Ganges hupita katikati yake, na watu wake wengi ni wakulima wa mpunga na ngano.

Zamani vijiji vingi vya Bihar vilikuwa na shule ya msingi, bali shule ya sekondari ilikuwa mbali. Msichana alipomaliza darasa la 8, akiwa na umri wa miaka 13 au 14, ilimpasa kutembea mwendo mrefu kila siku. Hapo ndipo masomo ya wengi yalipokoma. Baba alisema, "Njia ni ndefu, na binti yangu amekwisha kuwa mwali. Akipatwa na jambo njiani, nani atamwokoa?" Basi msichana alikaa nyumbani, akachota maji, akalea wadogo zake, akangoja kuozwa. Msidhani kwamba baba yule alikuwa adui wa elimu. Alipenda binti yake asome, lakini aliiogopa njia.

Mwaka 2006 serikali ya jimbo, iliyoongozwa na Nitish Kumar, ilifanya shauri. Kila msichana aliyeingia darasa la 9 katika shule ya serikali alipewa rupia 2,000 za kununulia baiskeli, na baadaye alitakiwa kuonyesha stakabadhi yake.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Msichana mmoja juu ya baiskeli angalichekwa na wapita njia. Lakini hawa walipata baiskeli kwa pamoja, wakaenda kwa makundi, wamevaa sare zao. Watu wakazoea kuwaona, na hofu ya wazazi ikapungua.

Wataalamu wawili, Karthik Muralidharan na Nishith Prakash, walichunguza jambo hili. Waliona kwamba mahali ambapo wasichana 100 wangaliingia sekondari pasipo msaada huo, sasa waliingia kama 132. Ongezeko lilikuwa kubwa hasa katika vijiji vilivyo mbali na shule kupita kilometa 3. Ndipo ilipojulikana wazi kwamba kilichowazuia wengi hakikuwa upungufu wa akili, bali njia.

Hata hivyo, baiskeli haifundishi hesabu. Wasichana waliofanya mtihani wa darasa la 10 waliongezeka, na waliofaulu pia, lakini waliofaulu hawakuongezeka kwa kadiri ileile. Baiskeli humfikisha mwanafunzi mlangoni mwa shule. Ndani ya mlango hutakiwa mwalimu hodari, vitabu, na bidii yake mwenyewe.

Maswali

1. Kwa nini baba alimzuia binti yake asiende sekondari?
2. Kwa nini ilifaa wasichana wote wapate baiskeli kwa pamoja?
3. Katika kijiji chako, ni jambo gani liwazuialo wasichana kuendelea na masomo? Lingewezaje kuondolewa?