Kabla hujalipia duka la dawa au zahanati

"Duka linauzwa, lina wateja wake, lina vibali vyote." Dalali akikuambia hivyo, Mbinga mjini au kule ziwani Mbamba Bay, na wewe fedha za kahawa zimeingia, ni rahisi kuona umepata. Lakini jua hili kabla hujatoa hata shilingi: kibali hakiuzwi pamoja na makabati.

Mkoa wa Ruvuma, iliko miji hiyo, ndiko maduka ya dawa muhimu, DLDM, yalikoanzia Tanzania mwaka 2003, yakachukua nafasi ya maduka ya dawa baridi. Yalijengwa juu ya mambo matatu: mtoa dawa aliyesomea, jengo lililokaguliwa na orodha maalum ya dawa zinazoruhusiwa. Leo yako chini ya Baraza la Famasi kwa Sheria ya Famasi ya 2011. Zahanati binafsi husajiliwa kwa sheria ya hospitali binafsi ya 1977, iliyopiga marufuku tiba ya kibiashara mpaka mlango ulipofunguliwa tena 1991. Kote huko usajili unamwangalia mmiliki, mahali na mtaalamu anayesimamia. Mmiliki akibadilika ukawa wewe, nenda kwa mamlaka husika ukaombe upya au uombe mabadiliko, na uulize utaratibu wake mapema.

Kwa hiyo sogea ukutani, usome kile cheti kilichowekwa kwenye fremu. Jina lililoandikwa ni la huyu anayekuuzia, au la shemeji yake aliyehamia Songea? Kijiji au mtaa uliotajwa ndio huu mliosimama? Muda wake umekwisha lini? Kisha muulize mganga mfawidhi au mtoa dawa, yeye mwenyewe bila mwenye mali kuwepo, kama atabaki. Akiondoka naye, umebaki na jengo lenye rafu. Nakala za vyeti hivyo zipeleke kwa Mganga Mkuu wa Halmashauri au kwa mfamasia wake, wakuthibitishie. Una haki ya kuuliza. Muuzaji anayekuzuia usiulize ameshakujibu.

Sasa mapato. Daftari la mauzo la miezi ya mavuno ya kahawa litakuonyesha duka linalochemka. Dai la mwaka mzima, hasa miezi ya mvua, wakati mkulima hana fedha na dawa zinatoka kwa mkopo. Kwa zahanati kuna kipimo bora zaidi, na nashangaa wanunuzi wengi hawakitumii: vitabu vya MTUHA, yaani vya kumbukumbu za huduma za afya. Kitabu namba 5 kinaandika kila mgonjwa wa nje. Muuzaji akisema anaona watu arobaini kwa siku, jumla za kila mwezi zitasema kama ni kweli. Omba jumla tu, usifunue majina. Taarifa za afya za mtu zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na mgonjwa hakukubali ugonjwa wake uwe sehemu ya mauziano yenu. Kama zahanati inahudumia wanachama wa Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF, soma mkataba wake, uone madai mangapi yamelipwa na mangapi yamekatwa. Usidhani mkataba huo utakufuata wewe.

Madeni nayo yana miguu. Ukinunua hisa za kampuni, kampuni inabaki na kodi, mikopo na kesi zake zote, na wewe ndiye mwenye kampuni. Ukinunua vifaa na dawa peke yake, unaweza kuchagua, lakini angalia kama friji au darubini haijawekwa rehani, na kama nusu ya dawa si mali kauli ya msambazaji wa Songea. Hesabu boksi kwa boksi na utoe zilizokwisha muda. Waulize wafanyakazi kama michango yao ya NSSF imepelekwa. Mfanyakazi aliyetimiza mwaka na kuachishwa kwa kawaida ana malipo ya siku saba za mshahara wa msingi kwa kila mwaka aliotumikia, mpaka miaka kumi. Nani atayalipa? Iandikwe.

Jengo likiwa kijijini, kwenye ardhi ya kimila, barua yenye muhuri wa mwenyekiti peke yake haitoshi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inataka ridhaa ya Halmashauri ya Kijiji. Na mwenzi wa muuzaji ashirikishwe, aweke sahihi.

Wengine hujipa moyo kwamba wakidanganywa mahakama itawarudishia. Sheria ya Mikataba inamruhusu aliyedanganywa kuutengua mkataba, ila inaweka sharti gumu: kama ukweli ungeweza kuupata kwa uangalifu wa kawaida nawe hukuutafuta, muuzaji anaweza kulitumia hilo dhidi yako.

Ndiyo maana malipo yagawanywe. Andikianeni mbele ya wakili: sehemu ya kwanza mnapokabidhiana vifaa vilivyohesabiwa, kubwa zaidi baada ya kibali kutolewa kwa jina lako, na kiasi kingine kishikiliwe miezi kadhaa kwa ajili ya madeni yatakayojitokeza. Hadi kibali hicho kitoke, usifungue mlango kuhudumia watu kwa jina lako.