Dondoo muhimu: Kukinga kuni dhidi ya wadudu

Katika nyumba za Mwanza na kando ya Ziwa Victoria, mchwa na wadudu watoboa miti huvutwa na kuni mbichi au zinazogusa udongo.

1. Panga kuni juu ya mawe, ambayo Mwanza hayakosekani. Kutanguliza magogo chini kama tandiko ni kosa: mchwa huanza na hayo, kisha hupanda.
2. Acha nafasi ya mtu kupita kati ya kuni na ukuta, la sivyo vijia vya udongo vya mchwa vitafika hadi kwenye mbao za paa. Vikionekana, vikwangue siku hiyohiyo.
3. Pasua magogo na bandua magome kabla ya masika ya Machi. Mabuu hujificha chini ya gome.
4. Funika juu tu, kwa bati. Turubai lililozungushwa hadi chini hufungia unyevu.
5. Gonga kipande: kikidondosha unga laini kama wa muhogo, kitangulize jikoni.
6. Usiweke kuni karibu na mahindi. Dumuzi, mdudu mharibifu wa mahindi aliyeanza kusumbua Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, hutoboa pia miti mikavu, na kutoka humo huhamia ghalani.
7. Usinyunyizie kuni dawa ya wadudu kamwe. Moshi wake huingia kifuani mwa mpishi, na kwa wanaokausha samaki kwa moshi, hata kwenye sangara wa kuuza.
8. Tikisa rundo kwa fimbo kabla ya kutia mkono. Nge na tandu hujibanza humo.