Dondoo muhimu: Bastola moja, kazi mbili
Uko Marekani na unataka bastola moja tu, ya kujilinda nyumbani na ya kuwinda sungura? Mimi ningeanza na rivolva ya .357 Magnum yenye mtutu wa inchi 4. Uzuri wake ni kwamba inakubali pia risasi za .38 Special, ambazo ni fupi kidogo na hazirushi mkono sana. Kinyume chake ni hatari: usiweke kamwe .357 kwenye bastola ya .38.

Kwa sungura, .357 yenye nguvu kamili itakuachia vipande vya nyama tu; tumia .38 nyepesi. Risasi ya .22 LR ni rahisi na tulivu, inafaa kindi na mazoezi, ila kwa kujilinda ni dhaifu.

Viwanja vingi vya shabaha hukodisha bastola. Piga risasi 50 kwanza. Kiganja kikiuma, umepata jibu. Kwenye bei, hesabu pia kasha la kufuli la kuhifadhia bastola.

Muuzaji mwenye leseni haruhusiwi kumuuzia bastola aliye chini ya miaka 21, na kanuni za kuwinda kwa bastola hutofautiana jimbo kwa jimbo.