Sababu Nzuri ya Kuwa na Bunduki

Makomredi, wiki jana ukumbini tulibishana kama raia aruhusiwe kumiliki bunduki. Upande mmoja uling'ang'ania Marekani na Marekebisho ya Pili ya Katiba yao ya 1791. Wa pili ukaleta Australia: 1996 mtu mmoja aliua watu 35 huko Port Arthur, serikali ikapiga marufuku bunduki zinazojipakia risasi zenyewe, ikanunua na kuharibu zaidi ya 600,000. Makofi kweli kweli. Lakini sheria yetu wenyewe, Sura ya 114, hakuna aliyeitaja. Hebu tuisome.

Katiba yetu ya 2010 haina haki ya kumiliki bunduki, kwa hivyo hoja ya Marekani hapa haina pa kusimama. Kwetu bunduki ni ruhusa, na ruhusa hufutwa. Kifungu cha 5 kinataka mwombaji awe na sababu nzuri, na asihatarishe usalama wa umma. Mzigo wote uko kwa hayo maneno mawili, "sababu nzuri". Mfanyabiashara wa Nairobi anayebeba pesa ataieleza yake vizuri, makaratasi mkononi. Na mzee wangu je?

Mimi natoka Bonde la Kerio. Nikiwa darasa la sita nyumbani kulikuwa na bunduki, bila cheti. Siitetei, ilikuwa kosa na mzee alijua. Siku moja baada ya baraza la chifu akaitia kwenye gunia, akaenda kuisalimisha. Wa ng'ambo ya mto hawakusalimisha zao, ama walitoa zile mbovu tu. Kabla mvua haijanyesha mbuzi wetu 40 walikuwa wameshachukuliwa, na mjomba amepigwa risasi ya paja. Mama akamuuliza, "Si ungengoja wao waanze?" Mzee akasema, "Hata wao wanangoja sisi."

Makomredi, hilo jibu halikuwa kwenye mdahalo wetu. Tulisema wafugaji ni wakaidi, ati wanapenda bunduki. Hapana. Kila upande unamngoja mwenzake kwa sababu anayetangulia ndiye anayeumia. Mkulima wa Australia aliyeuza bunduki yake hakuogopa kwamba jirani atakuja usiku kuswaga ng'ombe wake. Februari 2023, serikali ilipozipa kaunti za kaskazini mwa Bonde la Ufa siku tatu kurudisha silaha, swali lilikuwa lile lile: nikirudisha leo, kesho usiku nani atalinda boma?

Mimi nilipigia kura udhibiti, na ningeipiga tena. Lakini pande zote zisalimishe siku moja, na polisi wawe wameshafika na wana barabara ya kupita. Kuchukua bunduki ya mtu halafu kumwacha gizani, huo si udhibiti.

Mzee hajatafuta nyingine. Juzi kwa simu nilimuuliza kama anajuta. Akauliza tunafunga lini, kuna mbuzi wa kuchanja.