SOMO LA BUSTANI YA NYUMBANI: KITALU CHA KUZAMA



Somo letu la mwezi huu ni la bustani ndogo ya mboga iliyo karibu na nyumba. Halihusu shamba lako la skimu, ambalo lina zamu yake ya maji na kamati yake. Linahusu kipande cha ardhi kisichozidi ukubwa wa kitanda, ambacho mama wa nyumbani au mtoto wa shule aweza kukitunza kwa maji yaliyokwisha kutumika jikoni.

Kwanza tuulize: kwa nini tujisumbue? Mboga nyingi zinazouzwa Lodwar hutoka Kitale kwa lori. Barabara ikikatika kwa mafuriko, lori halifiki, na sukuma wiki huwa haba na ghali. Tena twajua kwamba ukame ukija, mifugo hupelekwa mbali kutafuta malisho, na maziwa huondoka pamoja nayo. Wanaobaki nyumbani ni watoto wadogo, akina mama wengi na wazee. Ndivyo ilivyokuwa katika ukame mkubwa ulioanza mwaka 2020, ambapo mvua zilikosa misimu 5 mfululizo. Mtoto anayekula ugali mtupu hushiba, lakini mwili wake haupati vitamini A, na akiikosa kwa muda mrefu macho yake huweza kushindwa kuona jioni. Majani ya kunde, mchicha na mlonge yanayo vitamini hiyo. Basi bustani ya nyumbani ni kama mbuzi asiyehama.

Kulima si jambo geni kwetu. Tangu zamani akina mama wa Turkana walipanda mtama kando ya Turkwel na Kerio, penye udongo ulioloweshwa na mafuriko. Baada ya njaa ya mwaka 1960 na 1961 zikaja kambi za msaada, na baadaye skimu za umwagiliaji kama ile ya Katilu. Bwawa la Turkwel lililokamilika mwaka 1991 lilibadili mwendo wa maji ya mto. Kwa hiyo hapana budi tujifunze kutumia vizuri maji kidogo tuliyo nayo.

KUZAMISHA, SI KUINUA

Watu waliotoka nchi zenye mvua nyingi wamezoea kuinua matuta ili maji ya ziada yatoke. Hapa kwetu hatuna maji ya ziada. Tuta lililoinuliwa hukaushwa na jua kutoka juu na upepo kutoka kando, na maji unayomwaga huteremka na kupotea. Sisi yatupasa kufanya kinyume: uso wa kitalu uwe chini kuliko ardhi inayokizunguka. Maji hukaa ndani, na kingo huzuia upepo kupiga miche.

Njia hii imekwisha kufuatwa na wakimbizi na wenyeji huko Kalobeyei, karibu na Kakuma, katika makazi yaliyofunguliwa mwaka 2016. Nchini Burkina Faso, mkulima Yacouba Sawadogo, aliyefariki mwaka 2023, alijulikana duniani kwa kufufua desturi ya wazee wake ya kuchimba vishimo, kutia samadi na kungoja mvua. Ardhi ngumu iliyoachwa ikarudi kuwa na nafaka na miti. Shimo dogo si jambo la kudharau.

HESABU YA MAJI

Kabla ya kushika jembe, shika kalamu. Maji ya milimita 1 juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Kitalu chetu kina upana wa mita 1 na urefu wa mita 2, yaani mita 2 za mraba. Lodwar hupata mvua ya milimita 200 hivi kwa mwaka. Basi mvua ya mwaka mzima hukipa kitalu hiki lita 400, sawa na jerikeni 20 tu.

Kitalu kitahitaji kiasi gani? Katika siku za joto kali, mboga iliyo wazi juani hupoteza kama lita 7 kwa kila mita ya mraba kwa siku. Kwa kitalu chetu ni lita 14. Ukiweka kivuli na matandazo, panga lita 10 kwa siku, yaani nusu ya jerikeni. Kwa kiasi hicho, zile lita 400 za mvua zingekwisha kwa siku 40. Ndiyo maana hatuwezi kutegemea mvua peke yake.

Lakini mwenye nyumba ya mabati ana faida. Paa la mita 5 kwa 4 likinyeshewa milimita 20 hupokea lita 400. Toa moja ya tano kwa maji yanayorukia nje, zitabaki 320, ambazo ni jerikeni 16. Hayo yatatosha kitalu kimoja siku 32. Weka mfereji na pipa kabla ya mvua. Mvua ya kwetu haingojei mtu.

NAMNA YA KUTENGENEZA

1. Chagua mahali karibu na jiko, pasipo njia ya maji ya mvua. Laga ikishuka haiachi kitalu.

2. Pima mita 1 kwa 2. Chimba udongo wa juu hadi sentimita 30 na uuweke upande mmoja. Legeza ule wa chini sentimita 30 nyingine, lakini usiutoe.

3. Penye mchanga mtupu, tandaza chini tabaka la udongo wa mfinyanzi na majani makavu, ili maji yasikimbie.

4. Changanya udongo wa juu na samadi ya zamani kutoka boma lililohamwa, karai 1 ya samadi kwa karai 2 za udongo. Samadi mbichi huunguza miche. Samadi ya kale, nyeusi na isiyonuka, ndiyo nzuri.

5. Rudisha mchanganyiko huo mpaka uso wake ubaki sentimita 15 chini ya ardhi. Udongo uliosalia ufanye ukingo.

6. Tia jerikeni 2 za maji, ungoja siku 2, kisha panda.

KUPANDA NA KUTUNZA

Anza na kunde na mchicha, kwa maana huvumilia joto. Majani yake huanza kuchumwa baada ya wiki 3 au 4. Bamia hungojewa kama miezi 2. Loweka mbegu zake usiku mmoja kabla ya kupanda. Mbegu za mchicha ni ndogo sana, kwa hiyo zichanganye na mchanga mkavu zisirundikane. Panda nusu ya kitalu leo, na nusu nyingine baada ya wiki 2, ili mboga zisiishe kwa siku moja. Mlonge uupande pembeni, upande ambao kivuli chake hakitafunika kitalu asubuhi.

Tandaza majani makavu kati ya mistari, unene wa vidole vinne. Jenga kichanja cha makuti ya mkoma cha kuzuia jua la mchana. Mwagilia jioni au alfajiri, chini kwenye udongo, si juu ya majani. Kisha ingiza kidole: kama chini ni pakavu, umelowesha uso tu.

Unapochuma, usikwangue mmea wote. Acha theluthi mbili za majani zikue tena. Acha pia mimea 4 iliyo bora izae mbegu za msimu ujao. Upikapo, usizichemshe mno, na utie mafuta au samli kidogo, kwani vitamini A haiingii vizuri mwilini bila mafuta.

MAJI YA JIKONI NA CHUMVI

Maji ya kuosha mboga, mikono na vyombo yafaa sana. Yamwage siku ile ile kabla hayajanuka. Usitumie maji ya choo, wala maji yenye dawa ya kung'arisha nguo. Maji ya sabuni nyingi yapumzishe: siku 2 maji ya sabuni, siku 1 maji safi.

Visima vingi vya kwetu vina chumvi. Ukiona ganda jeupe juu ya udongo, jua kwamba chumvi imebaki baada ya maji kukauka. Likwangue ulitupe mbali, kisha mvua inaponyesha elekeza maji mengi kitaluni yaishushe chumvi chini ya mizizi. Usipande maharagwe mahali hapo, huumia upesi. Kunde huvumilia zaidi.

UA

Mbuzi mmoja humaliza kazi ya miezi 2 kwa dakika 5, kwa hiyo jenga ua kabla ya kupanda. Usikate ewoi, hasa ulio katika ekwar ya jamaa nyingine. Mti ule ni chakula cha mifugo na ugomvi wake ni mrefu. Tumia mathenge, ambao umetuzidi. Toa maganda yake ya mbegu kwanza, na ukate shina chini ya udongo, la sivyo litachipuka tena. Vaa viatu vizuri, kwani mwiba wake ni mbaya.

SWALI TUNALOULIZWA

Baadhi ya akina mama husema: “Bwana Karani, maji ninabeba kichwani. Je, niyamwage chini?” Swali hilo ni la haki. Jibu ni hili: watu wanywe kwanza, kisha mbuzi wa maziwa, na bustani ipate maji yaliyokwisha kufanya kazi nyingine. Kama maji ya jikoni hayafiki lita 10 kwa siku, lima nusu ya kitalu. Nusu inayostawi ni bora kuliko vitalu 3 vilivyokauka. Bustani hii haitaleta unga wala haitakutajirisha. Itatia mboga katika sufuria mara kadhaa kwa wiki, wakati ambapo lori halikuja na maziwa yako mbali.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini kitalu cha kwetu huzamishwa na hakiinuliwi?
2. Paa la mita 6 kwa 5 likipata mvua ya milimita 10, ukitoa moja ya tano utabaki na jerikeni ngapi?
3. Ganda jeupe juu ya udongo ni dalili ya nini, nawe utafanyaje?
4. Nyumbani kwako, ni lita ngapi za maji ya jikoni zinamwagwa bure kila siku? Pima leo kwa jerikeni, usikisie.

Jibu la swali la 2 ni jerikeni 12. Jibu la swali la 4 unalo wewe mwenyewe, na ndilo litakaloonyesha ukubwa wa bustani yako.