Miale ya Gama na Milipuko ya Jua

Mlipuko wa Jua hutokea pale nishati iliyolimbikizana katika nyuga za sumaku za angahewa ya Jua inapofumuka ghafla, na sehemu kubwa ya nishati hiyo hupokewa na elektroni pamoja na viini vya atomu, ambavyo husukumwa kwa kasi kubwa mno. Elektroni hujulisha habari zake kwa eksirei zinazotoa, lakini protoni na viini vizito zaidi hutambulika hasa kwa miale ya gama.

Kiini kinapogongwa na protoni yenye kasi husisimka, kisha hutulia kwa kutoa mwale wa gama wenye nishati mahususi, unaoonekana katika spektra kama mstari: kaboni hutoa mstari wa megaelektronivolti 4.44, na oksijeni 6.13. Megaelektronivolti moja ni takriban mara laki 5 ya nishati ya chembe ya mwanga wa kawaida.

Mstari wenye mafunzo mengi zaidi ni ule wa 2.223, ambao chanzo chake ni nyutroni. Nyutroni zinazotoka katika migongano hiyo hazina chaji, hivyo hazizuiliwi na sumaku. Nyingine huzama hadi kwenye uso wa Jua, zikapoteza kasi, kisha zikanaswa na viini vya haidrojeni na kuunda duteri, yaani haidrojeni nzito. Kwa kuwa safari hiyo huchukua muda, mstari huu huchelewa kufifia, na kwa vile heli-3 nayo hunasa nyutroni pasipo kutoa mwale, kipimo cha ucheleweshaji huo hudokeza kiasi cha heli hiyo, jambo ambalo ni vigumu sana kulijua kwa njia nyingine.

Angahewa ya Dunia huizuia miale hii, hivyo ilibidi kusubiri setilaiti. OSO-7 ya Marekani iliinasa mistari hiyo kwa mara ya kwanza Agosti 1972, kwa kifaa cha kikundi cha Edward Chupp wa Chuo Kikuu cha New Hampshire. Setilaiti ya RHESSI, iliyorushwa mwaka 2002, ilikwenda mbali zaidi kwa kupiga picha ya mstari wa 2.223 katika mlipuko wa Julai 23 mwaka huo, na ikabainika, kinyume na matarajio ya wengi, kwamba mahali protoni zilipotua palikuwa zaidi ya kilomita 10,000 kutoka mahali pa elektroni, ingawa zote zilitokana na mlipuko mmoja. RHESSI ilizimwa mwaka 2018, na sababu ya tofauti hiyo bado inajadiliwa.